Koti Lililotoka Winguni

Nianze na koti, kwa sababu kila aliyekisimulia kisa hiki baadaye alianza na ndege, na wote wakapotea njiani.

Ni koti la sufu, la kahawia, nililishona mwenyewe zamani, enzi nikishona viti vya ndege za matajiri hapa Dubai. Lina mifuko mingi kuliko inavyohitajika, na mmoja wa ndani mpaka leo sijui niliuweka kwa kazi gani. Atakayecheka koti la sufu Dubai hajawahi kukaa ndani ya karakana ya ndege, mahali ambapo kiyoyozi kinanguruma kutwa, ukimeza mate unahisi umemeza barafu.

Kazi hiyo nilishaiacha. Binti yangu Shifaa alinikatia viza ya kukaa kwake, akaniambia, "Baba, sasa pumzika." Tunakaa International City, ile mitaa ya mbali iliyopewa majina ya nchi. Sisi tuko Urusi. Mkate nanunua Ufaransa, nywele nanyolewa China, na dawa ya magoti naifuata Uingereza. Kutwa navuka mipaka na kandambili. Alasiri nakaa kwenye kafeteria iliyo chini ya jengo letu, naagiza chai ya maziwa, nasimulia.

Hadithi yangu kubwa ni ya wingu. Nimeisimulia tangu meno yangu yako yote kinywani. Kwamba nilipokuwa kijana, katika nchi nisiyoitaja, nilishona turubai za ndege za jeshi zilizokuwa zikifukuza mawingu ya majaribio ya bomu la nyuklia. Kwamba siku moja mtu wao akaumwa tumbo, nikapandishwa mimi. Kwamba tuliingia ndani ya wingu lenyewe, jekundu kama tumbo la tikiti, nikatoa mkono dirishani na mfuko wangu wa turubai, nikalikamata, nikafunga kamba. Likapiga mateke mfukoni mpaka tunatua.

Turubai nilishona, hilo nalijua. Ndege niliiona. Hayo mengine, kusema kweli, sijui. Sisemi nilidanganya, nasema sijui. Hadithi ukiisimulia muda mrefu inaota vyumba, na mwenye nyumba mwenyewe anapotea akitafuta mlango aliouingilia.

Basi alasiri moja nilikuwa nimefika kwenye mateke, mtu wa meza ya pili akageuza kiti. Alikuwa na mabega mapana kama mlango na sauti ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani kukukatiza. Hiyo ndege yenu ilichukua sampuli kwa podi au kwa mitungi?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa. Watu huniuliza wingu lilikuwa na ladha gani.

"Kwa mkono," nikasema.

Hakucheka. "Sisi tunafunga podi," akasema.

Ndivyo nilivyomjua Wilbard, Mhaya wa Bukoba, fundi wa kuchomelea vyuma. Na ndivyo nilivyojua kwamba kule jangwani, kusini mwa mji, kuna karakana ambako watu wazima wenye akili zao walikuwa wanafanya kazi ambayo mimi nilidhani, nusu nusu, kwamba nimeitunga.

Jeshi la nchi fulani, ambayo nayo siitaji, safari hii kwa kuwa sikuambiwa, lilileta ndege yake ivalishwe. Siku yoyote mtu popote akijaribu bomu, ndege hiyo iruke ikalitafute wingu lake, maana wingu ndilo linalobeba siri ya bomu. Chini ya kila bawa inafungwa podi, kitu kama pipa jembamba lenye mdomo mbele. Rubani akibonyeza kitufe, mdomo unafunguka, hewa inapita kwa nguvu kwenye karatasi ya kuchujia, duara pana kama sinia, na vumbi linanasa hapo. Hewa nyingine inashindiliwa kwenye mitungi iliyo ndani ya ndege. Wakitoka winguni mdomo unafungwa, karatasi inapelekwa maabara, na maabara inasema: naam, hili lilikuwa bomu, na lilikuwa la namna hii.

"Mfuko hamna?" nikamuuliza.

"Mfuko hamna, mzee."

"Mtalipoteza hilo wingu."

Walikosa mshonaji. Midomo ya podi ilitaka vifuniko vya turubai ndege ikiwa chini, na fremu za karatasi zilitaka kushonewa ukingo mnene wa sufu ili hewa isitoroke pembeni. Wilbard akanipeleka kwa msimamizi wake, Mubin, mtu wa Mombasa, kutwa simu sikioni akimjibu arbab wake, yaani tajiri mwenye kampuni, aliyekuwa ofisini JLT, kule kwenye minara, ghorofa ya juu huko, akitazama vile viziwa vya kuchimbwa.

"Ndiye huyu alokamata wingu?" Mubin akamuuliza Wilbard, kana kwamba mimi ni kabati.

"Ndiye, bosi."

"Na wingu liko wapi sasa?"

"Forodha walininyang'anya," nikasema.

Akaishusha simu kidogo. "Sikiza, mzee wangu. Hapa washona. Hadithi waacha langoni, ukitoka waichukua."

Chumba cha karatasi kilikuwa na mlango wa kioo na sheria yake. Anayeingia anavua nguo za nje, anazifungia kabatini nje, anavaa ovaroli jeupe, kofia ya karatasi na glavu. Kisiingie chumbani hata kijivumbi cha barabarani. Mwenye ufunguo wa chumba hicho alikuwa Wilbard. Sheria ilikuwa juu yake.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni ameshika ovaroli. Akaliangalia. Akaniangalia mimi na mvi zangu. Akaliangalia tena. Nikaona jasho linamtoka mle ndani ya barafu.

"Mzee," akasema, "kuna huu utaratibu..."

"Upi?"

Kwao huwezi kumsimamisha mzee mlangoni ukamwambia avue. Hata kwetu Unguja huwezi. "Basi, mzee, wewe ingia tu," akasema. "Baridi itakuumiza."

Nikaingia na koti langu.

Nami ni mtu msafi. Siku iliyotangulia tulikuwa Hatta, familia nzima, kule milimani karibu na bwawa. Wajukuu walichoma mahindi, na mimi niliwasha karabai yangu niliyotoka nayo Unguja, maana taa za betri za Shifaa zinamulika mpaka unajiona uko hospitali. Koti lilirudi na vumbi. Kwa hiyo nilipoingia chumbani nililivua, nikalikung'uta vizuri, mara moja huku na mara moja kule, nikalitundika kwenye kiti, nikaketi kushona. Wilbard alikuwa upande wa pili wa meza anajaribisha karatasi kwenye fremu, kuona kama zinaketi sawasawa. Baridi iliponizidi nikalivaa tena koti langu. Tulifanya kazi nzuri siku ile. Tuliongea habari za Redempta.

Redempta ni mke wake. Walifunga ndoa Bukoba, na kabla maua ya kanisani hayajanyauka Wilbard akapanda ndege kuja huku. Tangu hapo ndoa yao imekaa ndani ya simu. Sasa viza yake ilikuwa imetoka, imetundikwa juu ya kazi ya Wilbard, na alikuwa anakuja Ijumaa. Wilbard alishapanga chumba na mapazia nilimshonea mimi, ya bluu, kwa sababu Redempta alisema bluu.

Kushona kukaisha, nikarudi zangu Urusi kwenye chai yangu. Jumanne alasiri nikamwona Wilbard anakuja kafeteria, anatembea kama mtu aliyesahau miguu yake ni ipi.

Hakuamkia. Hapo nikajua kuna jambo.

"Mzee, karatasi ina mionzi."

"Karatasi gani?"

"Ile tupu. Ile ambayo haijakwenda popote." Akaketi. "Kila kazi lazima iwepo karatasi tupu. Hairuki, haitoki chumbani, inapimwa tu, kuonyesha kwamba karatasi zetu ni safi kabla hazijaingia winguni. Ikiwa na kitu, basi kila itakachosema ndege ni uongo. Tumepima karatasi tupu, ina kitu."

"Bomu?"

"Judy anasema si bomu." Judy alikuwa mtaalamu wa mionzi, Mkenya, aliyekodiwa na wateja kuikagua kazi yao. "Anasema bomu linaacha alama zake na hapa hazipo. Anasema ni madini, yanaitwa thoriamu. Mubin naye anasema thoriamu inatoka kwenye zile ncha za zamani za kuchomelea, na mchomeleaji ni nani? Ni mimi. Anasema nilizinoa mle chumbani. Mzee, hizo tulishaziacha zamani, wala sandukuni kwangu hamna hata moja. Nimemfungulia sanduku. Anasema nimezificha."

"Na wateja?"

"Wanakuja Alhamisi. Mubin kasema isipojulikana ilikotoka, basi imetoka kwangu, na mimi nitatoka. Viza inafutwa, nyumbani." Akaikodolea chai yangu. "Na yake inafutika pamoja na yangu. Ameshaaga watu, mzee. Amegawa kuku wake."

Kichwani kwangu kulikuwa na jambo moja tu linazunguka. Ndani ya chumba kile tuliingia watu wawili. Wilbard hakuwahi kuingia kwenye wingu la nyuklia. Aliyewahi kuingia ni mimi.

Kama niliwahi.

Nilipanda ngazi nikijinusa mikono. Shifaa alikuwa jikoni anakaanga.

"Shifaa, nikuulize na unijibu sawasawa. Mimi nilikwenda kwenye wingu au sikwenda?"

"Ulikwenda, baba," akasema bila kugeuka. "Utoto wangu wote ulikuwa unakwenda. Siku moja ulirudi na samaki."

"Sikufanyii mzaha."

Akageuka na mwiko mkononi. "Wala mimi. Nilikuwa napiga hesabu za umri wako na siku za majaribio hayo, nikiwa skuli, nikiona hazikai. Nikikuuliza unabadilisha nchi. Kwani leo kuna nini?"

Sikuweza kumwambia. Wajukuu walikuwa sebuleni, na mimi ndiye niliyewabeba mgongoni kule Hatta.

Asubuhi nilimngoja Wilbard kwenye gari la kampuni, nikapanda naye. Nilivaa koti, kwa heshima. Niliwakuta Mubin na Judy nje ya chumba cha kioo, mmoja anazungumza na simu, mwingine anazungumza na mashine. Judy alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, amevaa miwani juu ya nywele na mingine machoni.

"Muacheni huyu," nikasema. "Mionzi ni yangu. Nimetoka nayo winguni."

Mubin akaziba simu kwa kiganja. "Mzee, nilikwambia hadithi waacha wapi?"

"Hebu ngoja, Mubin," Judy akasema. "Mzee, umeshinda mle ndani?"

"Nimeshona mle ndani."

"Na kabla ya hapo ulikuwa umetoka wapi? Umesafiri nchi yoyote hivi karibuni?"

"Nimetoka Urusi," nikasema. "Kabla yake nilipitia Ufaransa, na China kunyoa."

Judy akavua miwani ya machoni, akashusha ile ya kichwani.

"Ni International City, daktari," Wilbard akamwambia kwa sauti ya chini. "Ni mitaa."

"Haya. Na hilo wingu?"

Nikamweleza. Nilijitahidi kumweleza fupi, lakini lile wingu halijui ufupi. Alisikiliza mpaka mateke. "Mzee wangu," akasema, "hadithi yako ni tamu, sikatai. Lakini mwili wa mtu hauwezi kuweka wingu miaka yote hiyo halafu umwage vumbi kwa karatasi. Haifanyi kazi hivyo."

"Nipime."

"Sawa. Nikupime, roho yako itulie."

Akaleta kile kidude chake chenye mdomo kama wa tochi. Akaanzia kichwani. *Tik*, ikasema. Kimya. *Tik*. "Hiyo ni kawaida," akasema Judy, "kila mtu anayo, hata ukuta." Shingoni, *tik*. Akateremka kifuani, na mashine ikalipuka kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa.

Mubin aliruka nyuma akagonga ngazi, simu ikamponyoka. "La ilaha illallah! Kumbe kweli!"

Wilbard akafanya ishara ya msalaba.

Nami nitasema nilichohisi kwanza, hata kama si kizuri. Nilihisi furaha. Miaka yote ile watu wananikonyezea, leo mashine inanishuhudia mbele ya Mubin. Nilikwenda! Nililikamata! Halafu furaha ikapita katikati yangu ikaenda zake, nikabaki na wajukuu. Nikatamani sana mashine iwe inasema uongo kama mimi.

"Lilikuwa rangi gani?" Mubin akauliza kule kwenye ngazi, sauti imepungua.

"Jekundu," nikasema. "Kama tikiti."

Judy peke yake hakurudi nyuma. Alikuwa amekunja uso, anazungusha kile kidude, kushoto kelele, kulia kelele, tumboni kimya. "Vua koti," akasema.

Alisema hivyo hivyo, bila mzee wala samahani, na nikavua. Wilbard akatazama chini kana kwamba ni yeye aliyevuliwa.

Judy akalilaza koti mezani. Akanipima mimi: *tik*. Kimya. Akalipima koti: bisi.

"Wewe huna kitu, mzee. Ni koti."

"Naam," nikasema haraka, "ndilo nililovaa siku ile ya wingu."

"Lakini, mzee," Wilbard akasema, naye hana ubaya, ndivyo alivyo tu, "si ulisema koti ulilishona hapa Dubai?"

Wakati huo sikujua tena ni lipi kati ya hayo nililolisema, ni lipi lililotokea, na koti lenyewe lilikuwa limelala pale linapiga kelele.

Judy alivaa glavu, akaanza kupekua mifuko. Leso. Uzi. Peremende za wajukuu. Akafika kwenye ule mfuko wa ndani, ule nisioujua kazi yake, akatoa kifurushi cha karatasi kilichochakaa. Ndani mlikuwa na visoksi vidogo vyeupe vya wavu, vilivyokunjwa. Kwenye mkono wa koti kulikuwa na unga mweupe mkavu, kama jivu la ubani.

"Hivi ni nini?"

"Hivyo?" nikasema. "Hivyo ni vya karabai. Ile taa ya mafuta ya kupiga pampu. Unakifunga kisoksi mdomoni mwa taa, unakiunguza, kinabaki jivu lililosimama, ndilo linalong'aa. Ukiligusa linavunjika. Kule Hatta lilinivunjikia, nikafunga kisoksi kingine."

"Na mikono ukapangusia wapi?"

Tukaangalia koti sote.

"Hivi ni vya zamani?" Judy akauliza.

"Vya zamani sana. Vya siku hizi vina mwanga wa kinyonge, mimi sivitaki. Hivi nimeviweka tangu vilipoanza kuadimika."

Judy akakaa kwenye kiti, akacheka, si kwa kunicheka, bali kama mtu aliyetua mzigo. "Vya zamani vilitiwa thoriamu ndio ving'ae hivyo," akasema. "Tunafundishwa hata darasani. Mimi nimehangaika na mchanga wa jangwa, nimehangaika na ncha za kuchomelea, kumbe ni taa." Akakiweka kisoksi kimoja kwenye sanduku lake la kupimia, akangoja, akatazama kioo. "Ni yenyewe. Alama ni ile ile ya kwenye karatasi."

"Wajukuu wangu?" nikauliza.

"Mlikuwa nje, kwa upepo, watakuwa sawa. Lakini ule unga usivutwe puani wala usishikwe halafu mtu ale. Hivi visoksi nabaki navyo mimi. Na karabai, mzee, ikae pambo."

Wilbard alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, midomo inakwenda. Nikadhani yameisha.

Mubin aliokota simu yake, akaipangusa, akalitazama koti, kisha mlango wa kioo, kisha ile sheria iliyobandikwa juu yake. Nikaona jambo linamjia polepole usoni.

"Ngoja," akasema. "Nani alomruhusu huyu mzee kuingia mle ndani na koti?"

Hata mashine haikusema.

Nilimwona Wilbard anafumbua macho. Nilimwona anajiandaa kusema. Mtu yule hawezi kudanganya, mnaelewa? Si kwamba hataki, hana kiungo hicho. Angesema ni mimi, na asubuhi ya pili angekuwa uwanjani na begi, na mapazia ya bluu yangebaki yanamngoja mtu mwingine.

Nimesimulia umri wangu wote bila sababu yoyote. Siku ile sababu ikaja ikasimama mbele yangu.

"Aniruhusu? Huyu?" nikapaza sauti. "Huyu nusura anipige!"

Wote wakageuka. Wilbard zaidi ya wote.

"Alinisimamisha pale pale mlangoni. 'Vua,' ananiambia. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekamata wingu wewe hujazaliwa. 'Hata ungekamata jua,' anasema, 'vua.' Mzee mzima! Akanivua koti kwa mikono yake hiyo, mnaiona ilivyo, akalifungia kwenye kabati lile. Nikanyamaza. Nikangoja aende kula. Nikalifungua kabati kwa sindano yangu ya kushonea viti, nikavaa koti langu, nikaingia."

"Hapana," Wilbard akasema. "Hapana, bosi, sivyo. Sikumfokea. Mimi ndiye niliyemwambia aingie nalo."

"Mnamsikia?" nikasema. "Ananisitiri. Ndivyo walivyolelewa hao. Yuko tayari kurudi kwao na aibu yangu begani kuliko kumtaja mzee."

"Mzee, si kweli!"

"Na mnaona anavyonikatiza? Siku ile alinikatiza hivi hivi."

"Mimi sijawahi kukukatiza!" Wilbard akasema, akinikatiza.

Mubin alikuwa anamtazama huyu, anamtazama huyu, kama mtu aliyewekewa sahani mbili za chakula kisichofahamika.

Judy akaenda taratibu mpaka kwenye kabati. Akalivuta, likafunguka. Akalifunga. Akalivuta tena. "Mzee," akasema, "kabati hili halina kufuli."

"Sasa halina," nikasema.

Akaniangalia kwa miwani yote miwili. Mdomo wake ulikuwa umebanwa sana. Halafu akarudi kwenye mashine yake. "Mimi kazi yangu ni chanzo," akasema. "Chanzo ni karabai. Si fundi wenu wala ncha zake. Nani alivaa nini, hiyo ni yenu wenyewe."

Mubin akapumua. "Khalas," akasema. "Mzee, mlango huu usiuguse tena, wala geti. Hata ukiona ndege yaanguka, tazamia huko huko kwenu. Wilbard, chumba kisafishwe chote, fremu zote, karatasi mpya. Kesho nataka kimya kwenye mashine ile." Akapiga hatua mbili, akasimama, akarudi. "Na wewe, Wilbard, sheria ni sheria, sawa, nakushukuru. Lakini huyu ana umri wa babako. Mtu hamvui mzee koti vile! Ukali una kiasi chake. Kwenu hawakukufunza adabu?"

Wilbard akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu.

Wateja walikuja Alhamisi. Mimi sikuwapo, nilikuwa Urusi. Wilbard alinipigia simu: karatasi tupu ilipimwa mbele yao, na haikuwa na kitu zaidi ya kile kilicho hata ukutani. Ijumaa Redempta akafika. Ndege ikaruka baadaye kwenda kwa wenyewe na podi zake chini ya mabawa, na vifuniko vyangu. Kama italiona wingu au haitaliona, sijui, naomba isilione.

Wiki iliyofuata wakaja nyumbani kwetu wote wawili, wamevaa kama watu wa kwenda ukweni. Redempta alipiga goti kidogo kunisalimu, akanipa kopo la senene, panzi wa kwao wa kukaanga, aliowabeba kutoka Bukoba. Shifaa akaleta chai. Wajukuu wakala senene wawili wawili. Wilbard alikaa ukingoni mwa kochi, anasugua magoti.

"Sema basi," mkewe akamwambia.

"Mzee," akaanza, "kule kazini wananisema. Mubin ananisema kila asubuhi. Kule kafeteria nako wananiita Hata Ungekamata Jua. Mwanzoni nilikuwa nabisha. Lakini nimekaa nimefikiri sana. Siku ile nilikuwa na mawazo mengi, ya viza, ya chumba. Mtu akiwa na mawazo anaweza kutamka neno hata asijisikie." Akainamisha kichwa. "Kama nilikufokea, mzee, naomba radhi."

Nikamtazama nione kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. Redempta naye ananitazama, anangoja, kopo la senene magotini kwake.

Nikajaribu kuukumbuka mlango ule. Naliona ovaroli jeupe mkononi mwake. Naliona jasho. Na nikitega sikio vizuri, wallahi, mahali fulani nasikia sauti nene inaniambia: vua.

Nikamsamehe.